Pengo la Bon Scott: AC/DC na siku 157 za mwaka 1980

Matangazo yetu ya tanzia yana sentensi ambayo kila msomaji wa magazeti ameizoea: marehemu ameacha pengo lisilozibika. Tumeiandikia watu wengi mno hata imechakaa, na anayeisoma hujua kwamba mwezi ujao ofisi itampata mtu mwingine. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiipima sentensi hiyo kwa kisa cha bendi moja ya roki ngumu kutoka Australia. Tarehe 19 Februari 1980 AC/DC ilifiwa na mwimbaji wake, Bon Scott, akiwa na miaka 33. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo ilitoa albamu mpya yenye mwimbaji mpya. Ni siku 157 tu, na albamu hiyo, Back in Black, imekuwa miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi duniani tangu watu waanze kununua muziki.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama muujiza, au kama hadithi ya watu wenye roho ngumu ambao hawakungoja hata udongo wa kaburi ukauke. Mimi siamini kwamba ni muujiza, wala sioni kwamba walikuwa na roho ngumu. Ukiifungua bendi hii na kutazama nani alifanya kazi gani ndani yake, utaona kwa nini haikuvunjika. Pia utaona kitu walichokiacha wazi hadi leo.

Nyumba ya akina Young

AC/DC ni mali ya familia. Akina Young walikuwa Waskoti wa Glasgow, watoto wanane, baba mfanyakazi wa kawaida. Mwaka 1963, baada ya majira ya baridi kali yasiyosahaulika Uingereza, sehemu kubwa ya familia ilihamia Sydney. Kaka yao mmoja, George, akawa nyota kabla ya wadogo zake: alikuwa mpiga gitaa na mtunzi wa The Easybeats, bendi ya kwanza ya roki kutoka Australia kuvuma kimataifa, mwaka 1966. Kwa hiyo Malcolm, aliyezaliwa 1953, na Angus, aliyezaliwa 1955, walikua wakiona umaarufu ukiingia mlango wa mbele na fedha zikitokea wa nyuma. Tangu hapo walijua kwamba muziki ni kazi, na kwamba kazi ina ujanja wake.

Malcolm aliacha shule mapema, akaajiriwa fundi wa kurekebisha vyerehani katika kiwanda cha sidiria. Mwishoni mwa 1973 akaanzisha bendi na kumwingiza mdogo wake. Jina lilitoka kwa dada yao Margaret, aliyeona herufi AC/DC, alama ya aina mbili za umeme, kwenye cherehani. Ni yeye pia aliyetoa wazo la Angus kupanda jukwaani na sare ya shule: kaptula, koti, kofia na begi mgongoni. Onyesho lao la kwanza lilikuwa mkesha wa mwaka mpya wa 1974, katika klabu ya Chequers, Sydney. Mwimbaji siku hiyo alikuwa Dave Evans, na hakudumu mwaka mzima.

Mgawanyo wa kazi kati ya ndugu hawa wawili ndio ufunguo wa kisa chote. Angus alipiga solo. Ndiye aliyekimbia, akagaagaa sakafuni, akapigwa picha. Malcolm alisimama nyuma karibu na spika, akapiga ridhimu, na akisogea mbele kwenye maikrofoni kuitikia kiitikio hurudi mahali pake mara moja. Mtu asiyewajua angeapa kwamba kiongozi ni yule mwenye kaptula. Kumbe mwendo wa wimbo, nani aajiriwe, nani afukuzwe, wimbo upi ubaki na upi utupwe, yote yalipitia kwa Malcolm. Mpiga ngoma Phil Rudd, aliyeingia 1975, na mpiga besi Cliff Williams, aliyechukua nafasi ya Mark Evans mwaka 1977, walichaguliwa kwa sifa moja: kukaa ndani ya mpigo bila kujionyesha. Isikilize ngoma ya Rudd. Hana mbwembwe hata moja, lakini ukimtoa, wimbo mzima unalegea.

Bon Scott aliingia mwaka 1974. Naye alikuwa mzaliwa wa Scotland, 9 Julai 1946, aliyepelekwa Australia akiwa mtoto na kukulia Fremantle, mji wa bandari upande wa magharibi. Alikuwa amewazidi akina Young umri na mikasa. Alikwisha kuimba katika bendi kadhaa, alikwisha kwenda Uingereza na bendi iitwayo Fraternity na kurudi mikono mitupu, na mwaka huohuo wa 1974 alinusurika ajali mbaya ya pikipiki. Kwa hiyo aliposimama mbele ya kijana kama Angus, alikuwa na habari ya kusimulia. Mashairi yake yalikuwa ya mtu wa baa na barabarani: wanawake, madeni, safari ndefu, malipo duni. Aliimba kama anayekukonyeza jicho. Walikuwa na miili midogo, wote hao, na sauti zao zilijaza uwanja.

Mlango uliokuwa umeanza kufunguka

Kufikia 1978 bendi ilikuwa na albamu nzuri na deni la matumaini. Marekani hazikuwa zikiuzika vya kutosha, na kampuni ya kurekodi ilitaka mtayarishaji mwingine badala ya George na mwenzake Harry Vanda. Kumwondoa kaka mezani kuliwauma, lakini walikubali. Jaribio la kwanza na mtayarishaji mwingine lilishindikana, ndipo akaja Robert John Lange, anayejulikana zaidi kama Mutt.

Msomaji wa Lubumbashi au Likasi atapenda kujua kwamba Lange alizaliwa Mufulira, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia, wakati huo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, ulio jirani kabisa na mpaka wa Kongo. Alikulia Afrika Kusini kabla ya kwenda London. Alikuwa mtu wa subira ya kutisha studioni, wa kurudia kiitikio mpaka kila sauti ikae mahali pake. Hakuibadilisha AC/DC. Aliisafisha, akaacha nafasi kati ya mlio na mlio, akamfundisha Bon kupumua. Matokeo yalikuwa Highway to Hell, Julai 1979, albamu yao ya kwanza kuingia mia bora Marekani, ikafika nafasi ya 17.

Mlango ulikuwa umefunguka nusu. Bendi ilirudi London mwanzoni mwa 1980 kuandaa albamu itakayofuata. Malcolm na Angus walikuwa wakitunga, na siku chache kabla ya mauti Bon aliingia chumba cha mazoezi, akaketi kwenye ngoma, kazi aliyoianza ujanani, akawapigia nyimbo mbili zikiwa bado mifupa mitupu. Mashairi alisema ataanza karibuni.

Usiku wa 18 Februari alitoka kwenda klabu huko Camden. Alilewa sana, akaachwa alale ndani ya gari lililoegeshwa East Dulwich, kusini mwa London. Jioni ya tarehe 19 alikutwa hana fahamu, akakimbizwa hospitali ya King's College, na huko ikathibitishwa kwamba amefariki. Uchunguzi ulisema ni sumu ya pombe. Minong'ono mingi imezuka tangu hapo kuhusu usiku ule, na sioni faida ya kuirudia. Mtu mmoja alikunywa kupita kiasi katika usiku wa baridi na hakuamka. Wazazi wake walimpokea nyumbani, na majivu yake yakazikwa Fremantle mwanzoni mwa Machi.

Walitafuta nini

Hapa ndipo kisa kinapoanza kwangu, maana mwaka huo wa 1980 bendi tatu za Uingereza na Australia zilikutwa na msiba wa aina moja, na kila moja ikajibu kivyake. Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division, alifariki Mei. Wenzake walilizika jina pamoja naye, wakaendelea kwa jina jipya la New Order. John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin, alifariki Septemba, naye kwa pombe. Desemba wenzake wakatangaza kwamba hawawezi kuendelea bila yeye. AC/DC peke yake ndiyo iliyobaki na jina lake, mtindo wake na ratiba yake.

Je, Led Zeppelin walimpenda mwenzao kuliko akina Young walivyompenda Bon? Sidhani hata kidogo. Tofauti ni ya ujenzi. Mpigo wa Bonham ulikuwa msingi wa Led Zeppelin, na ukiung'oa msingi hakuna nyumba ya kukarabati. Bon alikuwa uso wa AC/DC na ulimi wake, mtu ambaye wapenzi walimtambua kwanza. Lakini uti wa mgongo ulikuwa mkono wa kulia wa Malcolm, na mkono huo ulikuwa hai, wenye huzuni, ukitafuta pa kushika.

Ndugu hao walifikiria kuacha. Msibani, baba yake Bon aliwaambia waendelee, kwamba mwanawe angetaka hivyo. Neno hilo lilikuwa na uzito ambao meneja au kampuni ya rekodi isingeweza kuwa nao. Kwetu sisi mwenye msiba ndiye hutoa ruhusa ya kuanua matanga, na sioni kwamba ilikuwa tofauti huko. Malcolm alimpigia simu Angus, wakarudi kwenye chumba cha mazoezi wawili peke yao, wakaendelea kupiga vipande walivyokuwa wameviacha. Walifanya hivyo ili wapate pa kuificha huzuni, na nyimbo zikazidi kujipanga.

Mwishoni mwa Machi, arobaini ya marehemu ikikaribia, walikuwa wakisikiliza waimbaji. Mmoja wao alitoka kaskazini-mashariki mwa Uingereza: Brian Johnson, mzaliwa wa Dunston karibu na Newcastle, mtoto wa sajini wa jeshi na mama Mwitaliano. Alikuwa na miaka 32. Bendi yake, Geordie, ilipata umaarufu mwaka 1973 kisha ikazama. Johnson alikuwa amerudi kuishi kwa wazazi wake, akifanya biashara ya kubandika mapaa ya vinaili kwenye magari. Siku ya majaribio alichelewa kupanda ghorofani kwa sababu alikuwa chini akicheza pool na wabeba vyombo. Malcolm alimkaribisha kwa chupa ya bia ya kwao Newcastle. Wakamuuliza anataka kuimba nini, akataja Nutbush City Limits, wimbo wa Ike na Tina Turner. Sio wa AC/DC. Baada ya huo ndipo akaimba Whole Lotta Rosie, wa Bon.

Natua kidogo hapo. Waliokuja kumrithi Bon wangeweza kudhani kwamba kazi ni kumuiga. Johnson aliingia na wimbo wa watu wengine kabisa, na walichokisikia ndugu wale ni koo. Bon alikonyeza. Huyu alipasua, sauti ya juu kama ya mashine inayokata chuma. Hakuna aliyeweza kuwachanganya. Kadiri ninavyozilinganisha rekodi za waimbaji hawa wawili, ndivyo ninavyosadiki kwamba tofauti hiyo ndiyo iliyoiokoa bendi. Mtu anayefanana na marehemu hukufanya umtafute marehemu ndani yake kila siku, na kila siku unamkosa.

Kuna jambo linalowasisimua wapenzi wa bendi hii, nami ni mmoja wao. Miaka ya nyuma, Bon akiwa Uingereza na Fraternity, bendi yao ilishiriki jukwaa na Geordie. Bon alirudi Australia akiwasifia akina Young mwimbaji mmoja aliyemwona akipiga kelele huku akigaagaa sakafuni, kwamba huyo ndiye mwanaroki hasa. Johnson mwenyewe amesimulia baadaye kwamba usiku ule alikuwa akiugulia kidole tumbo. Kwa hiyo jina la mrithi lilitajwa kwanza na aliyerithiwa.

Nassau

Mwezi Aprili walikuwa kwenye studio za Compass Point, Nassau, visiwa vya Bahamas, pamoja na Lange na fundi mitambo Tony Platt. Mambo hayakuanza vizuri. Baadhi ya vyombo vilikwama forodhani, dhoruba zikakata umeme, na mwimbaji mgeni alikabidhiwa kazi iliyokuwa ya Bon: kuandika mashairi ya nyimbo zote kumi. Muziki ulikuwa tayari kwa kiasi kikubwa. Kipande cha gitaa cha wimbo uliobeba jina la albamu, ambacho wanaroki hukiita rifu, Malcolm alikuwa nacho tangu ziara za 1979.

Usiku mmoja Johnson alikwama kabisa, hana neno. Nje radi zikaanza. Lange akamwambia aandike hiyohiyo radi, na Johnson akaandika kinachotokea dirishani: ngurumo, mvua, upepo, umeme. Hivyo ndivyo Hells Bells ulivyopatikana, wimbo unaofungua albamu.

Kwa wimbo wa kumwomboleza Bon, yaani Back in Black wenyewe, ndugu walimpa Johnson sharti zito: uwe wa Bon, na usiwe wa kilio. Fikiria ugumu wake. Mgeni ambaye hakuwa rafiki wa marehemu anatakiwa amtungie wimbo wa kumbukumbu, mbele ya waliomzika, na auchangamshe. Aliandika juu ya mtu aliyerudi akiwa amevaa nyeusi, mwenye roho nyingi kama paka, aliyetoroka kitanzi. Hamtaji Bon hata mara moja, na anayejua kisa anamwona kila mstari.

Kengele inayosikika mwanzoni mwa Hells Bells ilikuwa wazo la bendi. Waliagiza kengele halisi ya shaba kwa wahunzi wa John Taylor huko Loughborough, Uingereza, yenye uzito wa takriban tani moja. Ilipochelewa kumalizika, Platt alitumwa arekodi kengele nyingine mnarani mjini hapo. Ndege waliokuwa wakiishi mle wakaruka kila ilipogongwa, na sauti ya mbawa zao ikaharibu rekodi. Ikabidi warekodi kengele yao wenyewe ikiwa bado karakanani, ikigongwa na mmoja wa mafundi waliokuwa wakiitengeneza. Inalia mara 13. Kabla ya gitaa na kabla ya mwimbaji mpya kufungua kinywa, msikilizaji anasimamishwa kwanza makaburini.

Hata jalada lilikuwa na vita yake. Bendi ilitaka jeusi tupu kwa ajili ya maombolezo. Kampuni haikupenda, wakakubaliana jina liandikwe kwa mstari mwembamba wa kijivu. Tarehe 29 Juni Johnson alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza na AC/DC mjini Namur, Ubelgiji, na mwezi uliofuata albamu ikatoka. Uingereza ikashika namba moja, Marekani namba nne. Mwezi Desemba 2019 chama cha makampuni ya kurekodi cha Marekani kilithibitisha nakala milioni 25 nchini humo pekee.

Yanayonikera

Siwezi kumaliza kisa kwa sifa tu. Katika albamu hiyohiyo ya matanga kuna wimbo wa kuwaalika watu wanywe, Have a Drink on Me, ambao ni mmoja wa zile mbili Bon alizozipigia ngoma siku chache kabla hajafa. Naelewa kwamba muziki wake ulikuwepo kabla ya msiba, na kwamba kwao kuuacha labda kungekuwa kumfuta Bon. Bado unanikwama kooni kila ninapoufikia. Pombe ilikuwa imemchukua mwenzao, nao waliendelea kuiimba kama rafiki. Miaka minane baadaye, 1988, Malcolm mwenyewe ilibidi akae pembeni ya ziara ili apate tiba ya ulevi, na mpwa wake Stevie akampokea gitaa.

La pili ni ubishi wa mashairi. Wapo wanaoamini kwamba baadhi ya maneno ya albamu yalitoka kwenye daftari la Bon. Bendi imekanusha daima, na watunzi walioandikwa ni Malcolm, Angus na Johnson. Nikisikiliza kwa sikio langu, utani wa maneno katika nyimbo mbili tatu unafanana sana na wa Bon. Lakini Johnson alikuwa mtoto wa tabaka lilelile, wa baa zilezile, na alikuwa akijua anaandikia bendi gani. Kufanana si ushahidi.

Mtihani wa pili

Hoja yangu kwamba uti wa mgongo ulikuwa Malcolm ilipata kipimo chake baadaye. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba hawezi tena kupiga kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau. Mwaka 2016 Johnson akasimamishwa ziara na madaktari waliohofia atakuwa kiziwi, na Axl Rose wa Guns N' Roses akamalizia maonyesho. Novemba 2017 Malcolm akafariki akiwa na miaka 64, wiki chache tu baada ya kaka yao George. Kwa hesabu yangu, hapo ndipo bendi ilipaswa kuanguka. Haikuanguka, na sababu yake inaniunga mkono: Novemba 2020 ilitoka albamu ya Power Up, Johnson akiwa amerudi, na kila wimbo ndani yake umeandikwa kwa majina ya Angus na Malcolm, kutoka hazina ya vipande alivyoviacha. Gitaa lake alilishika Stevie, mtoto wa kaka yao mkubwa. Mkono ulikuwa umekufa, na kazi yake ilikuwa bado inalipa kodi ya nyumba.

Linganisha na Queen. Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, alizaliwa Septemba 1946, hata miezi miwili haijapita tangu Bon azaliwe. Alipofariki 1991, waliobaki hawakuweza kufanya alichofanya Malcolm. Freddie alikuwa uso, ulimi na pia mmoja wa watunzi wakuu na mpiga piano. Brian May na Roger Taylor wameendelea kuzunguka na waimbaji wengine, na watu hujaa, lakini wanakwenda kuimba nyimbo za zamani. Albamu moja tu ya studio waliyoifanya na mwimbaji mwingine, mwaka 2008, haikukaa mioyoni mwa watu.

Nirudi kwenye pengo. Mwaka 1975 AC/DC ilirekodi It's a Long Way to the Top, wimbo wa shida za bendi barabarani. George alisikia kwamba Bon aliwahi kuwa katika bendi ya zumari za mfuko za Kiskoti huko Fremantle, akamtaka alipulize zumari hilo katikati ya magitaa. Kumbe Bon kule alikuwa mpiga ngoma. Hakusema hapana. Alijifunza, akalipuliza kwa shida, na ndiyo sauti inayoupa wimbo ule uhai wake. Johnson ameimba nyimbo nyingi za Bon kwa zaidi ya miaka arobaini, kila usiku, mbele ya watu wasio na idadi. Wimbo huo hauimbi. AC/DC haijaupiga jukwaani tangu Bon afariki.